Jiwe ya Camion na Kiti ya Mulango

Niseme mara moja, ili musiteseke kutafuta mwizi mbele: ile ampoule ni mimi niliitoa. Ampoule ndogo kama punje ya mahindi, ile taa ya ku tableau, mbele ya usukani ya camion, lori ya Papa, yenye kuwaka nyekundu wakati batterie haipate courant ya umeme. Niliichomoa na vidole yangu mwenyewe, nikaifunga mu karatasi ya bonbon, nikaiweka mu mufuko ya shati, kisha nikaenda kula sombe na roho safi kabisa. Kama mutu anauliza sababu gani, jibu ni fupi: wivu. Kama anauliza tena kama nilijua ile ampoule inafanyaka kazi gani, jibu ni fupi kupita ile ya kwanza.

Lakini kwanza mujue camion yenyewe. Miaka yake inapita yangu na ya dada yangu tukiunganishwa. Zamani ilikuwa buluu; leo iko na rangi ya kila garage yenye ilipitia. Inabeba mboga, choux ao kabichi, biazi na poireaux, kutoka Alimbongo, inashusha nusu Butembo, halafu nusu ingine Mama anaenda kuuzisha Beni. Biashara ni ya Mama, usukani ni ya Papa, na kila mumoja anaamini kama mwenzake njo mufanyakazi wake. Mimi sikuingilia ile mambo, kwani nilijua kama mukubwa wa wote ni mimi.

Nitaeleza. Tangu nilipokuwa mu primaire, ile camion ilikuwa haiwakake na ufunguo. Papa akizungusha ufunguo, ilikuwa inasema «tik», ni kama mutu anabofya ulimi. Mu muji ingine batu wangelia. Lakini hapa Butembo hakuna mutu wa kulilia démarreur, kile chombo ya kuwasha moteur na ufunguo, wakati Mungu alitupatia milima. Nyumba yetu iko Mususa, mahali barabara inashuka sana. Magaribi Papa alikuwa anaegesha camion kichwa chini, na mbele ya gurudumu tunaweka jiwe. Asubui yeye anaingia, anatia vitesse, ao gia, anakanyaga embrayage na muguu wa kushoto, anatoa kichwa ku dirisha, anapaza sauti: «Vuta!» Na mimi, pembeni, navuta kamba.

Kwani jiwe ilikuwa na kamba. Jiwe nyeusi ya mutoni, kubwa kama kichwa ya ndama, na upande mumoja sawa kama meza. Ukivuta vibaya, inajifunga chini ya gurudumu na jirani wote wanakucheka. Ukivuta vizuri, inaruka, camion inaanza kushuka pole pole, Papa anaachilia embrayage, camion inakohoa, inatupa moshi ku nguo za Mama wa jirani zenye zimeanikwa, na inaamuka. Wakati ile mimi niko nakimbia, naruka ku marche ya kupandia, nafungua mulango, naikaa. Ndio maana kiti ya mulango ilikuwa yangu. Papa ku usukani, Mama katikati na kitunga yake, mimi ku dirisha, kiwiko inje, kama mukubwa wa douane ya mupaka anaenda kukamata bintu za batu. Tukipita mbele ya masomo ya babinti, mahali wanasomea, nilikuwa nageuza uso pole pole, ili hata wale wa nyuma wanione.

Sasa dada yangu.

Yeye ni mudogo wangu. Mimi nasoma littéraire, mambo ya lugha na vitabu. Nikitaka naweza kukutukana na maneno yenye utaenda kutafuta mu dictionnaire. Yeye alichagua électricité, kazi ya umeme, ku masomo ya technique, na sisi wote tulicheka, mimi nikacheka kupita wengine. Nilikuwa namwita Nyaya za Kanisa, kwani siku ya kwanza alitengeneza micro ya korali. Anatiaka tournevis, ile bisibisi, mu nywele, mahali wenzake wanatia ua. Na ananiita Yaya, jina ya kuheshimu mukubwa, na adabu yote, na ile adabu inaniumiza kuliko matusi.

Vakansi ilianza, akazunguka camion, mikono mugongoni, kama docteur mbele ya mugonjwa wa mutu mwingine.

«Papa,» akasema, «batterie inakufa yenyewe, ao kuna kitu inaiua?»

Papa, mwenye hakujibuka maulizo ya mutu mbele ya kunywa chai, akaweka kikombe chini. Mimi nilimwuliza maulizo miaka yote ile, hakuweka kikombe chini hata siku moja.

Dada akaleta lampe yake ya kujaribu: ampoule ya phare, taa ya mbele ya camion, yenye imefungwa nyaya mbili, basi. Akaigusisha huku, akaigusisha kule. Akaonyesha Papa ku vichwa vya batterie: unga mweupe na wa kijani, kama ukungu ya mukate. Akamwaga maji ya moto, akasugua. Akaonyesha tena waya nene ya masse, ile yenye kurudisha courant ku chuma ya camion: garage moja walipaka rangi chini ya boulon ya kuikaza, na courant haipitake mu rangi. Akaikwaruza na kisu ya Mama mupaka chuma ikang’aa. Halafu courroie, mukanda wa kuzungusha alternateur, ile mashini ya kutengeneza courant; courroie ilikuwa inalegea kama mukaba wa mutu mwenye alitoka hospitali. Papa akasukuma alternateur na muti ili courroie ivutike, dada akafunga boulon. Tukasukumiza camion mara moja ya mwisho na jiwe yangu. Ku tableau ile ampoule ndogo ikawa nyekundu, Papa akakanyaga mafuta, nyekundu ikazimika yenyewe.

«Sasa inachaji,» dada akasema. «Ile nyekundu njo jicho yetu. Ikizimika, tuko salama.»

Kesho yake Papa akazungusha ufunguo. Camion ikawaka. Pale pale, imesimama, bila kushuka hata hatua. Papa akaizima, akaiwasha tena. Akaita jirani. Akaizima, akaiwasha. Alikuwa anacheka kama mutu mwenye alizaa jana. Na jiwe yangu ilikuwa pale mbele ya gurudumu, na kamba yake, ikizuia hewa.

Wivu ya kweli haikuje mara moja, inakuja ku sahani. Siku ya Mungu Mama alipika kuku. Firigisi ya kuku kwetu ni ya Papa, hata mutoto wa maziwa anajua, ukiigusa utasikia. Papa akaikata katikati na nusu akaiweka ku sahani ya dada yangu. «Ingénieur,» akasema, «kula.» Mimi niliangalia ile nusu ikitafunwa. Miaka yote nilivuta jiwe mu mvua, mu baridi, siku moja kamba ikanichuna ngozi ya vidole, na firigisi sikuionjaka. Yeye alikwaruza boulon moja!

Halafu Papa akaacha kuegesha ku mutelemuko. Akatafuta mahali sawa, karibu na kiosque, ili batu waone anaondoka kama mutu wa muji kubwa. Na siku ya mbele ya kwenda Beni, akitafuna muhogo, akasema bila hata kuniangalia:

«Kesho kiti ya mulango ni ya Ingénieur. Achunge ile lampe nyekundu. We utapanda juu, ku choux.»

«Papa, na nani atavuta jiwe?»

«Jiwe ya nini tena?»

Mama akacheka. Dada yangu hakucheka. Aliniambia pole pole, na huruma: «Yaya, kule juu kuko hewa ya muzuri.»

Basi. Wakati walikuwa wanafunga mizigo, mimi nikaingia mu camion, nikapitisha mukono nyuma ya tableau, nikachomoa kile kishikizo ya plastique, nikatoa ampoule, nikarudisha kishikizo vizuri kabisa. Mawazo yangu ilikuwa moja: anataka kuchunga lampe? Achunge tundu. Nilijaribu kuiwasha na batterie ya téléphone. Ikakataa hata kuangaza kidogo. Nikasema, hata yenyewe iko na kiburi kama fundi wake.

Asubui kulikuwa ukungu wa Butembo, ule wa kuficha hata ng’ombe. Papa akawasha ma-phare na essuie-glace za kupanguza kioo, akaondoka na haraka. Mimi juu, chini ya bâche, turubai ya kufunika mizigo, choux ikinitia ku mbavu. Kila barrière ya kuzuia barabara Papa alikuwa anazima moteur kwa makusudi, anasalimia basoda, wale askari, kisha anawasha na ufunguo ili baone. Na kila mara, kupitia dirisha yangu, nasema dirisha yangu, nilisikia sauti ya dada:

«Papa, nyekundu haiwake. Inachaji vizuri.»

Jameni! Nilicheka mule mu choux mupaka soda mumoja akapiga bâche na fimbo, akauliza kama tumebeba mbuzi. Nyekundu haiwake! Ingewaka na nini? Nilisikia pia kama sauti ya démarreur inaendelea kuwa nyembamba barrière kwa barrière, lakini nilifikiri ni baridi. Mutu mwenye furaha hana masikio.

Beni tulifika jua limekwisha toka. Mama aliuzisha choux yote, hata zile nilizokalia. Alianza kukunja mifuko, akaangalia mawingu, akasema twende. Kwani barabara ya kurudi, kuna saa yake. Barrière ikifungwa, imefungwa, na kwetu hakuna mutu anaulizaka sababu gani asipite kisha ile saa, wakati wa wenye bunduki.

Papa akazungusha ufunguo.

«Tik.»

Akazungusha tena. «Tik.»

Sasa mufahamu kitu moja: Beni si Butembo. Beni ni sawa kama meza. Mule sokoni hakukuwa mutelemuko hata wa kushusha maji ya kuoga. Papa akatoa kichwa ku dirisha, akaangalia mbele, akaangalia nyuma, akatafuta mulima kama mutu anatafuta kofia. Halafu, kwa mazoea tu, akapaza sauti: «Jiwe!»

«Papa,» nikasema na heshima yote, «ulisema haina kazi tena. Iko nyumbani.»

Oh, ilikuwa tamu. Ilikuwa tamu kushinda firigisi. Na ikakuwa tamu zaidi wakati Papa alishuka, akafunga mulango na nguvu, akageukia dada yangu mbele ya soko yote:

«Uligusa nini mu camion yangu?»

«Papa, sikugusa kitu.»

«Miaka yote ilikuwa na ugonjwa tunaujua. Tuliishi nao. Wewe umekuja na tournevis, sasa tunalala Beni!»

Mutu wa moto, mumoja wa wale wa kubeba batu na pikipiki, alikuwa ameegemea guidon, akapiga kelele: «Ingénieur! Na moto yangu iko na mafua, kuja uisikilize!» Batu bakacheka. Mimi pia nilicheka, lakini nusu, kwani niliona dada yangu anatoa tournevis mu nywele, anaipanguza ku nguo, anaipanguza tena. Kama ile camion haitembee mbele ya barrière kufungwa, nilijua mwisho: Papa hatamuachia kugusa waya tena, hata ya radio. Nami nitarudishiwa kiti yangu. Njo kitu nilikuwa nataka, hapana? Nilijiuliza ile ulizo mara mbili. Nikaamua kama ndiyo. Ampoule ikabakia mu mufuko.

Akaanza na bintu anajua. Akabonyeza courroie: nguvu. Akatikisa vichwa vya batterie: safi, vimeshikwa. Akagusa masse: inang’aa kama alivyoiacha. «Donc hapana huku,» alikuwa anajisemea, «hapana huku.» Halafu akasema: «Papa, tuisukumize. Iwake kwanza, nitaona.»

Tukasukumiza. Babebaji wa soko, mutu wa moto, na basoda wawili wenye walitumwa kutoka mbali na wanasema paka lingala tu. Mumoja akanipiga ku bega: «Petit, tindika! Tindika na makasi!» Nami nikatindika. Mutu mwenye aliua camion alikuwa wa mbele kuisukuma, ulimi inje, viatu vikiteleza mu maganda ya ndizi. Tulifika karibu na mwisho wa soko ndipo ikakohoa, ikawaka.

Dada akafungua sanduku ya batterie, akaweka lampe yake ya kujaribu. Ikawaka njano, njano ya mugonjwa.

«Papa, kanyaga!»

Moteur ikapiga kelele. Lampe ikabakia njano vile vile.

«Haichaji hata kidogo,» akasema.

«Lakini wewe njo ulikuwa unaniimbia njia yote kama nyekundu haiwake!»

«Haikuwaka, Papa. Hata sasa haiwake.» Aliangalia tableau, akaangalia lampe yake, akaangalia tena tableau. Na pale nikaona uso wake inabadilika, nami nikashika mufuko ya shati. «Papa... kama haichaji, nyekundu ingepaswa kuwaka. Haichaji, na haiwake. Basi nyekundu yenyewe njo mugonjwa.»

Akapanda, akapitisha mukono nyuma ya tableau, mahali pale pale nilipitisha wangu, akachomoa kishikizo. Akakiinua juu batu wote waone. Tundu.

«Ampoule hakuna.»

«Na ampoule moja ndogo inasumbua nini?» Papa akauliza. Mimi pia nilikuwa nataka kujua.

«Ile courant kidogo ya kuamsha alternateur inapitaka mule mu ampoule. Ikikosa, alternateur inazunguka tu, inalala. Phare zilikula batterie, démarreur ikakula yenye ilibakia, na hakuna kitu kilirudi.»

Nilifikiri niliiba taa. Kumbe niliiba mwenye kuamsha nyumba yote.

«Labda ilianguka,» Papa akasema, na sauti imeanza kulainika.

«Ilianguka, halafu ikarudisha kishikizo nyuma yake?»

Papa akageuka pole pole. Mimi nilikuwa nimekwisha toa ampoule mu mufuko, mu karatasi yake, na kuitupa mu kinywa, upande wa shavu. Sijui sababu gani. Ni mahali pa kwanza palikuwa karibu.

Mama alikuwa anafunga mifuko tupu na kamba. Akainua kichwa, akaniangalia mimi, hakuangalia mutu mwingine.

«Na wewe, unasema nini?»

«Mm.»

«Huyu mutoto,» Mama akaambia soko, «anasemaka hata wakati padiri anasoma Injili. Anasemaka akilala. Leo anasema mm?»

«Mm-mm.»

«Fungua kinywa.»

Nilifungua. Akaweka kiganja chini ya kidevu yangu, nami nikatema. Mutu wa moto alilala juu ya moto yake kwa kucheka: «Mama, angalia vizuri, labda na phare moja iko ku koo!» Hata yule soda wa lingala alifahamu bila mutu kumutafsiria. Mama akapanguza ampoule na kikwembe yake, akamupatia dada yangu. Papa akaangalia saa, akaangalia barabara, akaniangalia. Wakati wa kunipiga haukukuwepo, na niliona jinsi ilimuuma.

Dada akarudisha ampoule. Nyekundu ikawaka. Papa akakanyaga: nyekundu ikazimika, na lampe ya kujaribu ikatoka njano, ikakuwa nyeupe. Mama mumoja muuzaji wa nyanya akapiga vigelegele, akamushukuru dada yangu na kinande: «Wasingya, mutoto wangu!» Papa akamufungulia mulango. Ndiyo, mulango. Papa mwenyewe, kutoka inje, kama vile banafungulia bibi arusi. Akasema: «Ingénieur, panda, tunachelewa.» Kuomba musamaha kwa Papa, ni paka vile.

Mimi nikapanda nyuma, mu camion tupu. Tulipita barrière ya mwisho mbele ya saa ya kufungwa. Bila choux ya kukalia, nilikuwa naruka mule ndani kama kitunguu mu sufuria, na kila nilipoanguka niliangalia kupitia ile dirisha ndogo ya nyuma. Dada yangu alikuwa amelala, kichwa ku kioo ya mulango wangu, tournevis mu nywele. Na Papa, mwenye hakupunguzaka mwendo mbele ya shimo tangu nimujue, alikuwa anapunguza. Kila shimo. Ili kichwa ya Ingénieur isigonge kioo. Miaka yote nilikaa pale, kichwa yangu iligonga ile kioo mupaka tukazoeana. Nilitamani kulia, lakini kulia ukiruka ni kazi nguvu.

Tulifika Mususa jua linashuka. Papa akaegesha mahali sawa, karibu na kiosque, akazima bila kuogopa, akaingia nyumbani. Dada yangu akapita karibu yangu. «Yaya,» akasema, «ile ampoule ilikuwa na utamu gani?» Mimi wa littéraire, nikapanguza kinywa na mukono ya shati.

Nikabaki peke yangu na camion. Jiwe ilikuwa pale iliachwa, ku mutelemuko. Nikaishika na kamba, nikaivuta mupaka ku gurudumu ya mbele, nikaiweka vizuri, upande sawa chini, kama siku zote. Hakuna mutu aliniomba. Nilisema tu mu roho: hata kama iko mahali sawa, camion ni camion, inaweza kuhitaji.

Mama alitoka ku jikoni na beseni ya biazi. Akaangalia camion, akaangalia jiwe, akaniangalia, na akasema hivi, neno kwa neno:

«Toa hiyo jiwe hapo, ulete ku jikoni, uiweke karibu na mulango. Wewe si unapendaka kiti ya mulango? Basi njo hii. Utakaa hapo unamenya biazi mupaka masomo ifunguliwe. Lakini mbele ya kukaa, fungua kinywa nione.»